Zulia la Tumboni mwa Tfarah

Kabla hamjanisema, jueni kwanza kwamba katika kambi yetu ya wakimbizi hapakuwa na mwanamke aliyeoka mkate kama mimi. Niliuoka mchangani, kama mama yangu alivyouoka zamani tulipokuwa bado tunahama na ngamia wetu. Nawasha kuni za mgunga, makaa yakikolea nayasogeza kando, natandaza donge juu ya mchanga wa moto, nalifukia, nangoja. Ukiiva nauchomoa na kuupiga makofi matatu, mchanga wote unadondoka. Hakuna punje itakayokwaruza jino lako. Kaka yangu Lehbib, mtu asiyesifu hata mvua, aliwahi kusema mkate wa Salka ndio kitu pekee kinachomfanya asijute kuzaliwa ndugu yangu.

Salka ni mimi. Na mkate huo ndio niliokuwa nikimlisha mjukuu wangu Tfarah mara tatu kwa siku. Nauchovya kwenye mchuzi, nautafuna kwanza mwenyewe ili usimpe taabu. Alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa namlisha.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu na uzito wa kilo tisa. Tumbo limevimba na kukaza, mikono imebaki vijiti, makalio yamesinyaa mpaka ngozi inaning'inia mikunjomikunjo. Choo chake kilikuwa kingi na cheupe, na harufu yake ilimtoa nje hata Lehbib, mtu aliyelala miaka kumi kwenye mahandaki na wanajeshi wenzake. Alikuwa ameshajua kutembea, kisha akaacha. Alikaa mkekani kutwa amenuna, hataki kuguswa, hataki mwanasesere, hataki hata kufukuza nzi usoni mwake.

Binti yangu Galia, mama yake, alikuwa ameshazika mmoja mwenye tumbo kama hilo. Mvulana, miaka mitano nyuma. Kaburi lake liko huko nyuma ya kilima cha mawe, na siku hizo nilimkuta Galia mara nyingi amesimama mlangoni pa hema akitazama upande huo. Baba wa mtoto alikuwa jeshini, karibu na ule ukuta wa adui unaotutenga na nchi yetu. Kwa hiyo tulikuwa sisi watatu, mimi, Galia na Lehbib, na dua moja tu: asifuate nduguye.

Kituo chetu cha afya kilikuwa na daktari mmoja, Bulahi. Nilimjua tangu anatambaa. Tulimpeleka Kuba akiwa na miaka kumi na mmoja, kama tulivyowapeleka watoto wengi, akarudi mtu mzima mwenye cheti cha udaktari, mwenye Kihassania, lugha yetu, kinachojikwaa kila sentensi ya tatu, na mwenye tabia ya kunywa kahawa. Tena anainywa akiwa amesimama, kama mtu anayefukuzwa. Wanawake walimcheka mpaka wakachoka. Nami nilicheka, sikatai.

Majira ya baridi walikuja madaktari wageni wakachukua damu ya watoto, wakaondoka nayo. Mwezi wa pili majibu yakarudi, Bulahi akatuita. Chumba kilijaa akina mama waliokuja kupimisha watoto wao.

"Mama Salka," akasema, "ugonjwa huu una jina, na dawa yake ipo."

"Nipe dawa. Jina utalisema baadaye."

"Dawa ni kuacha mkate."

Nikadhani Kihassania chake kimejikwaa tena. "Kuacha nini?"

"Mkate. Ngano yote. Kuskusi, tambi, biskuti, chochote chenye ngano. Tfarah asile hata chembe."

"Miaka kumi na tano tumekusomesha ng'ambo ya bahari, uje kuniambia mtoto aliyekonda asile?"

"Ale, mama. Ale sana! Wali, dengu, nyama, mayai, viazi, tende. Ila ngano hapana. Maisha yake yote."

"Maisha yake yote!" nikamgeukia mwanamke wa karibu. "Mnasikia? Na kahawa yake, yeye nani kamkataza?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bulahi akaiva masikio lakini hakushusha macho. Ni Galia aliyenyamazisha watu. Alisimama amembeba mtoto, akasema kwa sauti ndogo: "Tutafanya, daktari. Mama, twende."

Tukafanya. Sikupenda, lakini nilifanya. Kwetu anayemnyima mtoto mkate ni mama wa kambo, na mimi nilijiona mama wa kambo kila mlo. Nilioka mkate wa watu wengine, nikamzuia Tfarah kwa mkono wangu, nikampikia wali. Hata chembe hakupata, na hilo naapa mpaka leo.

Lakini mtoto lazima apate uji asubuhi. Wali si uji. Basi nikafikiri, na mimi nikianza kufikiri huwa sirudi nyuma. Ngano imetoka wapi? Imeletwa na malori ya msaada, kwenye magunia yenye maandishi ya mataifa ya watu. Baba yangu hakuijua ngano kiasi hicho. Mvua zikinyesha, alipanda shayiri kwenye mabonde, sisi tukaivuna, tukaikaanga, tukaisaga kwa jiwe. Uji wa shayiri ndio uliotulea sisi sote, na hatukuwa na matumbo ya kuvimba. Ugonjwa umekuja na kambi, umekuja na magunia. Kwa hiyo dawa ni kumrudishia mtoto chakula cha wazee wake. Nikaona aibu kidogo kwamba sikuwaza hivyo mapema.

Nilimtuma Lehbib sokoni akanitafutia shayiri, nikaikaanga mwenyewe, nikaisaga mwenyewe. Kila alfajiri bakuli moja, kila alasiri bakuli jingine, na kipande cha mafuta ya nundu ya ngamia kikiyeyuka juu yake. Galia aliniona, naye hakuona ubaya. Nani angeona?

Wiki sita baadaye Tfarah alipima kilo nane na robo tatu.

Bulahi alitazama mshale wa mizani, akatazama daftari lake, akanitazama mimi. "Kuna mtu anampa mkate kwa siri."

"Nani?"

"Simjui. Lakini mara nyingi huwa ni bibi."

Hapo damu ilinipanda. "Sikiliza, wewe mtoto. Nimekufunga nepi mimi. Hajala mkate, hajala kuskusi, hajala tambi. Unaniita mwongo mbele za watu?"

"Siiti mtu mwongo. Mizani ndiyo inayosema."

"Basi iache mizani, na wewe uje hemani kwangu, ukae kutwa nzima, uhesabu kila kinachoingia mdomoni mwake. Ukikuta mkate, nyoa nywele zangu."

"Nitakuja," akasema. "Kesho."

Akaja kweli, jua limeshapanda, akakuta Tfarah ameshamaliza uji wake wa alfajiri. Sasa, mgeni aliyekuja kukupeleleza bado ni mgeni. Nilikuwa na mbuzi watano. Nikamwambia Lehbib achinje mmoja.

"Mama Salka, si lazima," Bulahi akaanza.

"Kaa chini," Lehbib akamwambia huku akimimina chai ya kwanza. "Na ukae kweli. Chai yetu hainywewi kwa miguu."

Bulahi akakaa, akanywa, akakunja uso kwa ule uchungu wa glasi ya kwanza, na nikaona anajitahidi. Nilimpenda kidogo kwa hilo, ingawa sikuonyesha.

Nikachukua beseni nikaanza kusafisha utumbo wa mbuzi. Kazi hii naijua nikiwa nimefumba macho. Unakamua uchafu, unamwaga maji ndani, unaupindua nje ndani, kisha unauparuza kwa mgongo wa kisu mpaka ule utelezi wote utoke. Nimefanya hivyo miaka hamsini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeinua kisu Bulahi akaruka kutoka mkekani.

"Ngoja! Usiuparuze!"

"Una nini wewe? Ni uchafu."

"Si uchafu. Nipe kipande, mama. Nipe na glasi."

Akakata kipande cha utumbo mwembamba, akakipasua kwa urefu, akakisuuza taratibu kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Akakitia kwenye glasi ya chai iliyojaa maji safi, akainyanyua juani. "Tazama."

Nikatazama. Macho yangu ya mbali ni mazima, ya karibu ndiyo yanasumbua, kwa hiyo nikarudi nyuma hatua mbili. Ndani ya maji ule utelezi ulikuwa umesimama. Ulikuwa vinyoya. Vinyoya vidogo vidogo maelfu, vimesongamana, vinayumba maji yanapoyumba. Lilikuwa zulia. Zulia la sufu, laini kuliko lolote nililowahi kufuma.

"Subhanallah," nikasema. "Na mimi nakwangua hili miaka yote."

"Kila mtu analikwangua," akasema, na kwa mara ya kwanza Kihassania chake kilitiririka bila kujikwaa. "Mama Salka, ukila kipande cha nyama, kinaenda wapi?"

"Tumboni. Swali gani hilo?"

"Na kikishafika tumboni kimeingia mwilini?"

"Sasa kiko wapi kama hakijaingia?"

"Bado kiko nje," akasema.

Lehbib akaweka birika chini. Galia, aliyekuwa ndani amemlaza mtoto, akatoka akasimama mlangoni.

"Mdomo unasaga," Bulahi akaendelea, "na mate yanaanza kulainisha wanga. Tumboni kuna maji makali kama siki, tena zaidi ya siki, yanaivunjavunja nyama. Tumbo likimaliza linaruhusu kidogo kidogo kishuke kwenye utumbo huu. Hapo nyongo inamwagwa kutoka kwenye ini, inakata mafuta kama sabuni inavyokata mafuta kwenye sahani. Na nyuma ya tumbo kuna kinyama kingine, kongosho, nacho kinaleta maji yake, kinakatakata kila kilichobaki. Mpaka hapo hakuna tena mkate wala nyama. Kuna vipande vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Lakini bado viko kwenye bomba, mama. Bomba lina mdomo juu na mlango chini, na kinachopita katikati bila kuchukuliwa ni mgeni aliyepita njia."

"Na nani anakichukua?"

Akagonga glasi kwa ukucha. "Hivi vinyoya. Kila kinyoya kina mshipa mdogo wa damu ndani yake. Kinafyonza sukari, kinafyonza kile kinachojenga nyama na mifupa. Mafuta yanapita mshipa wake mwingine. Damu inabeba inapeleka kwenye ini, ini linagawa mgao, mwili mzima unakula. Ukizitandaza nyuzi zote za zulia hili la mtu mzima, zinajaza sakafu ya chumba. Zimekunjamana, ndiyo maana kitu kipana hivyo kinatosha tumboni mwa mtu."

Nilimtazama Tfarah kupitia mlangoni. "Na lake?"

"Lake limekwanguliwa." Hakutafuta neno la kunipooza, nami nilimshukuru. "Mwili wake ukiona ngano unadhani adui ameingia, unafyatua risasi ovyo, na risasi zinalipata zulia lake mwenyewe. Limebaki uwanda. Chakula kinapita juu yake kinatoka. Ndiyo maana choo chake ni kingi na kina mafuta. Kile ni chakula chake, mama. Amekila na hajakipata."

Galia akaweka mkono mdomoni. Miezi na miezi nilikuwa naona mtoto anakula, najipa moyo kwamba angalau anakula, kumbe mwenzangu alikuwa anakula akiwa nje mlangoni.

"Na zulia hilo likishakwanguliwa," nikauliza, "huota tena?"

"Huota! Hilo ndilo ninalotaka uelewe. Ni sehemu ya mwili inayoota haraka kuliko zote. Acha kulipiga risasi wiki chache tu, utaona. Ndiyo maana siachi kuuliza nani anampa mkate. Mtoto huyu si wa kufa."

Si wa kufa. Hakuna aliyekuwa ametamka neno hilo hemani kwetu kwa mwaka mzima. Niliinuka nikiwa mwepesi kama msichana. Alasiri ilikuwa imeingia, nikawasha jiko, nikakoroga uji wa Tfarah mzito na mzuri, nikatia mafuta, nikamkalisha mapajani. Nilikuwa nimeinua kijiko cha kwanza Bulahi akavuta hewa puani.

"Hiyo nini, mama?"

"Uji wake."

"Uji wa nini?"

"Wa shayiri. Chakula cha baba yangu. Huu hauna magunia wala maandishi."

Alikaa vilevile, glasi mkononi, uso umemshuka. Kisha akasema polepole: "Kosa ni langu. Kule Kuba sikuwahi kumwona mtu anakula shayiri. Ikanitoka kabisa kichwani. Nilisema ngano tu."

"Sema unachotaka kusema."

"Shayiri nayo inalikwangua. Sawa na ngano."

Siku arobaini na mbili. Mabakuli mawili kwa siku. Nilizihesabu palepale, kijiko kikiwa bado hewani, na kila moja nilikuwa nimeikaanga mimi, nimeisaga mimi, nimempulizia mtoto ipoe. Nililia. Sikulia kwa staha ya mama mtu mzima, nililia kwa sauti, majirani wakachungulia. Galia alikuja akachukua bakuli, akaenda akawamwagia mbuzi, akarudi. Nilidhani atanigombeza, na angekuwa na haki. Alikaa karibu yangu bega kwa bega, akamtwaa Tfarah, akasema, "Mama, hata mimi niliuona ule uji kila siku. Tuanze leo."

Nikajifuta kwa ncha ya nguo yangu. "Bulahi, hilo kosa tutagawana siku nyingine. Sasa nitajie kila kitu, kimoja kimoja. Usiruke hata kile unachodhani najua."

Akanitajia. Ngano, shayiri na ndugu zao wote. Unga unaoganda mikononi, unga unaoruka hewani. Maziwa tuyaache wiki chache pia, maana vinyoya vilivyokwanguliwa haviwezi sukari ya maziwa mpaka viote. Na Tfarah apewe sahani yake, kijiko chake, ale kando.

"Hilo la mwisho hapana," nikasema.

"Mama, mkiwa mnakula sinia moja na kuskusi ikadondoka..."

"Nimekuelewa. Lakini mtoto wa hema hili hali kando kama mkoma. Unga ndio utakaotoka."

Lehbib alinitazama kana kwamba nimesema nauza hema. "Salka. Mkate pia?"

"Mkate pia."

"Wako?"

"Kuna mwingine?"

Kesho yake nilibeba magunia yetu ya unga, nikazunguka hema kwa hema nikiyabadilisha kwa mchele na dengu. Sinia la mbao lenye nyufa nikaligawa, maana nani ajuaye kilichojificha humo, nikanunua la bati. Jirani yangu Mneitu alinicheka wazi. "Siku hizi kwa Salka mgeni analishwa wali mtupu! Ubahili umempanda kichwani." Nilimpelekea beseni langu la kukandia unga, nikampiga busu kichwani, nikamfundisha palepale jinsi ya kupima joto la mchanga kwa kiganja na kuujua mkate ulioiva kwa mlio wake. Nisiwadanganye, niliumia. Mwanamke ana vitu vichache ambavyo watu wanamjua navyo, na mimi nilikuwa nimetoa changu kwa mikono yangu miwili. Lakini nililala usingizi mzuri.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Siku ya tisa Galia aliniita nyuma ya hema kwa sauti iliyonitisha, nikakimbia nikijua ni msiba. Alikuwa ananionyesha choo. Choo kidogo, cha kahawia, kigumu. Tulisimama pale wanawake wawili wazima tukikitazama kama watu waliookota dhahabu, kisha tukashikana mikono tukacheka mpaka tukakaa chini.

Siku ya kumi na tano Tfarah alimng'ata Lehbib. Lehbib alikuwa amemkatalia tende ya nne, naye akamng'ata kidole. Lehbib akazunguka kambi nzima akionyesha alama za meno kwa kila aliyetaka na asiyetaka. "Ameninyofoa! Mtazame! Ana nguvu kama fisi!"

Kuanzia hapo ilikuwa vita. Alikula wali wa asubuhi akaomba wa Lehbib. Alikula dengu mpaka akalala mkono ukiwa siniani. Alijiburuta mpaka kwenye mfuko wa tende, tukauhamisha juu, akasimama ili aufikie. Mnaelewa nimesema nini? Alisimama. Siku nne baadaye alikuwa anatembea akijishika kamba za hema, na baada ya mwezi alikuwa anawafukuza mbuzi kwa fimbo akiwatukana maneno ambayo sijui nani alimfundisha, ingawa nashuku. Maziwa ya ngamia tulipomrudishia yalikaa tumboni bila matata. Nywele zake, zilizokuwa nyekundu na kavu, zikaota nyeusi kuanzia kwenye ngozi. Nilikuwa namtazama usiku na mchana nikifikiria ndani yake, gizani, vinyoya vinasimama kimoja kimoja.

Mizani ilipanda kilo tisa, ikapanda tisa na nusu, kumi na robo. Lakini Galia hakuwahi kuiona. Kila tulipofika kituoni alijifunika uso kwa nguo yake wakati mtoto ananing'inizwa, na mimi ndiye niliyemwambia namba njiani. Nilimwelewa. Kuna wanaoogopa kufurahi mapema.

Mwezi wa nne tangu tuuache unga, tulifika siku ya kupima watoto wa mtaa mzima. Ua limejaa wanawake, chumba kimejaa wengine, na wote walijua kisa cha hema lisilo na unga. Mneitu naye alikuwepo. Tfarah alikuja kwa miguu yake kutoka nyumbani, akakataa kubebwa, na alipoiona ile suruali ya kupimia inaning'inia kwenye ndoano akaweka mikono kiunoni.

"Sitaki. Mimi si mbuzi."

"Mara moja tu, mama mkubwa," Bulahi akambembeleza.

"Bulahi, nipe tende kwanza."

Akapewa tende, akavalishwa, akaning'inizwa. Akapiga mateke kiasi kwamba mshale ulikuwa unaruka huku na huku, ikabidi Bulahi amwombe atulie, na Tfarah akamjibu kwamba anatafuna. Mshale ukatulia. Bulahi akainama, akasoma. Akasoma tena. Akatikisa kichwa, akanipisha nitazame mwenyewe.

Kilo kumi na moja na nusu.

Vigelegele vilinitoka bila ruhusa yangu. Nina umri wa miaka sitini na tatu na pumzi yangu si ile, lakini vile vilitikisa madirisha.

"Mama Salka! Hapa kuna wagonjwa!" Bulahi akasema, naye anacheka, machozi yanamtoka.

Wanawake wa chumbani wakaitikia, wa uani wakaitikia bila hata kujua wanaitikia nini, kama ilivyo desturi yetu, na sauti zikaanza kupaa hema hadi hema. Mtu akapiga kelele kutoka nje: "Nani kaolewa? Semeni, nani kaolewa?"

Hapo Galia akaiondoa nguo usoni. Akausogelea mshale, akautazama kwa muda mrefu, midomo yake ikisoma alama moja moja. Kisha akamchomoa Tfarah kwenye ndoano, akamweka kiunoni, akatoka naye mpaka katikati ya ua, akasimama mbele ya wanawake wote wale, na yule binti yangu mwenye sauti ndogo akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Hakuna aliyeolewa! Huyu ni Tfarah, binti yangu. Ana kilo kumi na moja na nusu, na anaishi!"